Kijiti cha Namba

Mama Danstan,

Maharage yako jikoni, uyaongeze maji. Mbuzi nimemfunga nyuma.

Kile kijiti cha kale chenye namba na ulimi wa kusogeza, ulichosema ni takataka nyingine ya safari zangu, kinapima miguu. Asubuhi nimekikanyaga, ulimi ukaishia kwenye namba ileile ya kiatu changu. Ulikuwa bado umelala, nikakupima na wewe: thelathini na tisa.

Kumbe ule ukambaa mbichi wa mgomba unaonikatia kwa urefu wa mguu wako hukauka njiani ukajikunja. Nikileta viatu vinakubana, unanuna eti hata mguu wako siujui, na viatu anavaa mkamwana wako Jovitha.

Nimekwenda sokoni Kabanga. ~~Nitalala huko.~~ Nitarudi leo.

Jovitha mwambie safari hii asisubiri.

Baba Danstan