Betri na Mtungi wa Mama

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba. Hapa Mnyambe hatujambo, babu yako kikohozi kimemwachia na mikorosho imeanza kutoa maua.

Unauliza kwa nini nilikataa kusaini kwamba betri ya sola uliyoninunulia ni nzima, wakati ina waranti na sheria inamlinda mnunuzi.

Nilipokuwa msichana, mama alinunua mtungi kwa mwanamke mfinyanzi. Aliugonga tu, ukalia vizuri. Kuujaza aliona ni kuchezea maji, maana tuliyafuata kisimani, chini bondeni. Nikaenda nao kisimani. Nilipomaliza kupanda mlima gauni lilikuwa limelowa, na mtungini yamebaki maji ya kunawa tu.

Mfinyanzi hakubisha, alituletea mwingine. Safari hii mama akaujaza palepale, akamwambia, "Karibu ugali kwanza, mama. Chini pakibaki pakavu, nauchukua." Wakala, wakacheka.

Basi fundi uliyemtuma kuifunga, aliyetaka nisaini, naye nilimpikia kisamvu, taa zikiwaka kwa betri ile. Zilizimika kabla hajanawa mikono. Ameirudisha mwenyewe dukani Masasi, ataleta nyingine.

Sheria yenu naiheshimu, mwanangu. Hata mfinyanzi alitulipa mtungi. Maji ndiyo hakuturudishia.

Bibi yako,
Mama Hamisi