Namba Tisa na Namba Kumi na Nne

4 Februari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti limetulia na duka la miwani linakwenda. Mimi sijambo, ila kifundo cha mguu kinanisumbua asubuhi mpaka kipate moto.

Sasa tafuta kiti ndipo uendelee kusoma. Jumamosi nimeipita rekodi yako. Pointi elfu nne mia nane na sita ulizoiachia klabu yetu ya wanawake ya mpira wa kikapu zilisimama miaka ishirini na miwili bila kuguswa. Mimi sasa nina elfu nne mia nane na kumi na moja. Mtupo wenyewe ulikuwa wa pointi tatu, kutoka pembeni, nimebanwa na watu wawili. Nilitamani ungekuwepo unizomee.

Kuna jambo jingine. Klabu inahamia ukumbi mpya, na darini itatundikwa jezi moja tu, ya mchezaji bora wa enzi zote. Majina yamebaki mawili: namba tisa, wewe, na namba kumi na nne, mimi. Tunaopiga kura ni wachezaji wa zamani na wa sasa, kura arobaini na moja, kwa posta. Wazee wanasema enzi zenu nisingefunga hata kikapu kimoja. Wenzangu wanasema wewe leo ungekaa benchi ukigawa maji. Wewe wasemaje?

Mwanao


19 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, goti tu ndilo lina kisirani. Leo nimekata lenzi za mwalimu ambaye haoni ubao anaouandika mwenyewe, kwa hiyo usidhani kazi yangu ni ndogo.

Hongera, tena hongera sana. Nilisimama katikati ya duka nikapiga makofi peke yangu, mteja akarudi nyuma kwa woga.

Ila tusipakane mafuta. Nyinyi mnacheza kwenye mbao laini, viatu vina mito ndani, na daktari yuko benchi anawasubiri mseme "aa". Sisi tulicheza kwenye saruji na raba za turubai. Ukianguka, ngozi ya goti inabaki uwanjani, wewe unaendelea. Halafu huo mstari wenu wa pointi tatu ulichorwa mwaka niliostaafu! Miaka kumi na moja nimetupa kutoka mbali, napewa mbili mbili tu. Futa mstari wako kwanza, halafu uniletee hesabu.

Nisikufiche, ile nafasi ya darini naitaka. Niliondoka klabuni nimebebwa, goti limepasuka, sikuagwa hata na mtu wa getini. Nataka mtu aingie pale ainue macho, aone kwamba nilikuwepo.

Shangazi yako


3 Machi

Shangazi,

Shikamoo. U hali gani, na goti je? Mimi nashukuru, naendelea vizuri.

Barua yako imenikaa rohoni. Nimemwendea fundi wa video wa klabu, ana kanda za michezo yenu thelathini na mmoja. Kamera ya wakati huo ilikuwa imekazwa mahali pamoja, haisogei, kwa hiyo tulibandika utepe kwenye kioo cha televisheni pale ambapo mstari wa leo ungepita. Kila ulipofunga ukiwa nje ya utepe, fundi anachora alama. Tumehesabu vikapu tisini na sita, Shangazi! Nilikuwa napiga kelele mpaka mfagiaji akaja kuangalia kuna nini.

Ongeza pointi moja kwa kila kikapu, utafika elfu nne mia tisa na mbili. Rekodi ni yako tena. Nimeshamwandikia katibu wa klabu akuongezee hizo tisini na sita. Niambie umefurahi.

Mwanao


10 Mei

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Miezi miwili sijaona mwandiko wako. Kama ni ugonjwa, niambie nije. Kama ni hasira, nadhani najua imetoka wapi: nilikuandikia habari ya rekodi kama mtu anayejigamba sokoni, nawe ndiye uliyenifundisha kushika mpira.

Nimeondoa jina langu kwenye kura. Jezi yako ipande. Mimi bado nina miguu, nitapata mengine.

Mwanao


22 Mei

Wewe mtoto,

Marahaba, na huo ndio upole wote utakaoupata leo. Siumwi. Nilikuwa safarini, mambo ya safari nikaona niyakusanye kwanza ndipo niandike. Huo ndio ukimya wangu. Wewe umeshanizika!

Unamkumbuka Kufuli, yule beki wa timu pinzani aliyenikaba miaka tisa? Nilimfuata hadi kwake. Tulikuwa hatujasalimiana tangu aning'oe jino. Nikamwekea barua yako mezani, nikamwonyesha zile tisini na sita kwa kidole, kifua mbele. Akacheka mpaka akavua miwani. Kwanza ile miwani haimtoshi, nitamtengenezea nyingine.

"Mitupo hiyo nilikuachia," akasema. "Pointi mbili tu, nikimbie mpaka huko kutafuta nini? Ingekuwa tatu, ningelala mgongoni mwako."

Ni kweli, mwanangu. Jambo hilo nililijua tangu zamani, sikutaka tu kulisikia kwa mwingine. Zile tisini na sita nilizifunga peke yangu, hakuna mkono usoni. Mwandikie katibu azifute. Kunipima kwa mstari wenu ni kumvalisha mteja lenzi za mteja mwingine.

Na jina lako lirudi kabla ya Ijumaa. Tangu ukiwa na miaka saba sikuwahi kukuachia kikapu hata kimoja, ulilia ukanyamaza ukajifunza. Leo ndiyo uniachie mimi? Nikipanda darini, nipande kwa kuwa watu arobaini na mmoja wametupima wote wawili.

Shangazi yako


20 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Nilirudisha jina siku ileile, na katibu amefuta tisini na sita. Jana kura zimehesabiwa mbele yetu wote. Wewe ishirini, mimi ishirini na moja. Jezi yangu ndiyo itakayopanda.

Sijui nifurahi au nijifiche. Mimi mwenyewe nilikupigia wewe, na moyo wangu ulikuwa mweupe. Katibu anashangaa, alidhani wazee wote ni wako. Nisamehe kama imekuuma.

Mwanao


28 Juni

Mwanangu mpenzi,

Marahaba, marahaba tena. Goti na mimi tu wazima.

Imeniuma. Nimelia kidogo nyuma ya mashine ya kusagia lenzi, nikanawa uso.

Kura ya mzee iliyomshangaza katibu, ile iliyokuja kwako, ni yangu. Kwanza nilijiandikia mimi, nikaifunga kwenye bahasha, ikakaa siku tisa kwenye droo ya fremu. Kila nikiivuta droo naiona. Kuna neno la Kufuli nililokuficha. Tulitazama michezo yako jioni tatu. Ya tatu akazima televisheni, akasema, "Wewe nilikujua. Ukishusha bega la kushoto, unakwenda kulia. Huyu nimemtafuta bega siku tatu, hana. Wewe nilikuzuia nusu ya michezo yetu. Huyu asingenipa hata nafasi ya kumchukia." Mwanangu, mtu huyo amenikaba miaka tisa. Hakuna anayeujua mchezo wangu kuliko yeye. Siku ya kumi nikachana bahasha, nikaandika jina lako kwa herufi kubwa, nikaenda posta kwa miguu.

Gazeti lenye picha yako nimelibandika kwenye kioo cha duka, juu kidogo ya bei za fremu. Leo mteja ameuliza, "Huyu ni nani wako?"

Nikamwambia, "Huyo ndiye aliyenishinda." Akajifanya hakusikia, nikarudia kwa sauti.

Shangazi yako