Gari Ambalo Bado Lina Jina Langu

Kitengela,
Jumapili, baada ya ibada.

Dada Mshai,

Pokea shikamoo yangu mapema, kabla hujafika katikati ya barua hii ukakataa kuiitikia. Goti lako linaendeleaje? Wakesho aliambiwa na mtu wa huko kwamba umeanza tena kupanda mlima kwa miguu kukatia mbuzi majani, nami nikamwambia mke wangu huo ni uongo, dada yangu ana akili. Tafadhali usinifanye mwongo. Na yule beberu mweupe, bado anakula kamba za kuanikia nguo?

Sisi huku miili ni mizima. Watoto wanasoma, Wakesho anashona sare za shule mpaka vidole vinamuuma, na mimi bado ni fundi wa pampu pale kwenye shamba la maua. Mvua ilichelewa sana, vumbi la Kitengela likaingia mpaka kwenye chumvi, lakini sasa imenyesha kidogo na upande wa Isinya kumeanza kuwa kijani.

Kilicho kigonjwa ni moyo. Dada, nina kesi Kajiado. Ni ya ile pikapu nyeupe niliyouza mwaka juzi. Ikiniangukia, madalali wa mahakama wanaweza kuja kuuza hii ploti tunayoishi, ile ambayo wewe ulikata miti yako ya mbao ukatusaidia kuinunua. Ndiyo maana ni wewe ninayekuandikia, na nitakueleza tangu mwanzo bila kuruka kitu.

Aliyenunua gari ni Mzee Lemayian, mfugaji wa huko mbele ya Isinya. Alilikagua kama anavyokagua ng'ombe. Akalizunguka polepole, akalipapasa ubavuni, akainama kutazama chini ya tumbo, wala hakufungua boneti. Hapo tayari nikaanza kumshuku. Mtu gani ananunua gari bila kutazama injini? Tulikaa kwenye kibanda cha chai, tukaandikiana mkataba kwenye karatasi ya daftari, mwenye kibanda akatia sahihi kama shahidi. Alinipa pesa nyingi papo hapo, na zilizobaki akasema atazilipa kwa ndama jike, atakayeletwa akishaachishwa kunyonya. Nikakubali, kwa sababu Wakesho alikuwa akiniimbia wimbo wa maziwa kila asubuhi.

Sasa unanijua, Dada. Mimi hata nikipewa chenji na mhubiri naihesabu mara mbili. Siku hizi kuhamisha umiliki wa gari hufanywa kwa simu, kwenye mtandao wa serikali. Muuzaji ndiye anayeanza, kisha mnunuzi anakubali. Bila muuzaji kuanza, mnunuzi hana la kufanya. Nikajiambia, nikimhamishia leo, huyo ndama nitamwona wapi? Nikampa ufunguo na gari, lile jambo la jina nikalikalia.

Ndama aliletwa siku ile ile aliyosema. Tangu hapo mzee akaacha kuniita Mwakio. Wamasai wakishapeana ng'ombe huacha majina yao, huitana Pakiteng'. Ni heshima, ni kama undugu. Lakini mimi, badala ya kufurahi, nikajiuliza: huyu ananipaka mafuta ya nini? Nikamtazama yule ndama, nikamwona amekonda. Kumbe wote walikuwa wamekonda, ulikuwa mwaka wa ukame. Mimi nikaona nimeletewa mgonjwa.

Mzee alikuja nyumbani kwangu mara tatu kuhusu jina. Mara ya kwanza alikaa, akanywa chai, akasema, "Pakiteng', hii gari iko kwangu, lakini serikali inajua ni yako. Tumalize hiyo maneno."

"Ngoja kwanza tuone kama ndama atapona," nikamwambia.

Mara ya pili ndama alikuwa amenenepa. Nikamwambia tungoje tuone kama atashika mimba, maana ng'ombe tasa si malipo. Wakesho alinivuta jikoni akaniambia kwa sauti ya chini, "Baba Mkamburi, mpe mtu haki yake. Gari halingoji mimba ya ng'ombe." Nikamwambia mambo ya biashara aniachie mimi. Mara ya tatu mzee alikuja nikiwa ndani, nikamtuma mtoto aseme sipo. Naandika haya nikiona aibu, lakini nimesema sitaruka kitu.

Basi mwaka jana, ukame ukiwa umekaza, mzee alikuja Kitengela kununua majani makavu ya ng'ombe. Alipokuwa akirudisha gari nyuma pale wanapouzia, akamgonga mama muuza nyanya aliyekuwa ameinama kupanga makreti yake. Mguu ukavunjika mahali pawili. Bima ya gari ilikuwa imekwisha. Mama akatafuta wakili, wakili akatafuta jina la mwenye gari kwenye mtandao wa serikali, akalikuta jina langu, limekaa palepale nilipoliacha.

Mimi sikujua lolote mpaka askari wa geti la shamba aliponiita. "Fundi, kuna mtu anakutafuta, ako na karatasi." Mtu mwenyewe alikuwa na pikipiki na bahasha ya kaki. Nilifikiri ni tapeli, nikakataa kupokea, akaiweka juu ya buti langu akaondoka. Zilikuwa hati za mahakama.

Dada, tangu siku hiyo nilishuku hata kivuli changu. Nilimpigia mzee, simu imezimwa. Nikampigia wiki nzima, imezimwa. Nikasema, kikulacho ki nguoni mwako, huyu Pakiteng' wangu ametoroka. Nikaenda kwake, nikamkuta mkewe peke yake. Akaniambia mzee amehamisha ng'ombe, ako mbali kwenye malisho, hakuna mtandao. Nikatazama zizi, lilikuwa tupu kweli, na bado nikawaza kwamba mtu anaweza kuficha ng'ombe kama anavyoficha gari.

Kisha likanijia wazo la kishetani, kwamba mzee na yule mama wamepanga pamoja wanile mimi. Nikaamua kumpeleleza. Anaitwa Mama Wambui, kibanda chake kiko karibu na stendi. Nilivaa kofia nikaenda kununua nyanya. Alikuwa amekaa kwenye kreti, mikongojo miwili imeegemezwa ukutani. Nikajiambia hiyo mikongojo ni ya kuonyesha watu. Nikarudi kesho yake, na kesho kutwa. Siku ya tatu nikaomba makusudi nyanya zilizokuwa mbali, ili nimwone akisahau kuchechemea.

Hakusahau. Alishika ukuta, akasimama kwa taabu, sketi ikapanda kidogo nikaona vyuma vilivyopigiliwa kwenye mguu kama uzio. Alichukua muda mrefu kufika kule na kurudi. Aliponipa mfuko akatia nyanya nne zaidi. "Kastama, hizo nimekuongezea. Siku tatu mfululizo! Wewe unapenda nyanya zangu kuliko hata bwanangu."

Nilitoka pale nikiwa sijui niweke uso wapi. Wakesho aliniuliza kwa nini tuna nyanya za kulisha harusi, nikamwambia zilikuwa bei nzuri.

Ulikuwa ukituambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wakesho alisema, sikusikia, na guu lililovunjika ni la mtu mwingine kabisa.

Nikatafuta wakili hapa Kitengela. Kijana mwerevu, suti inabana, hana maneno mengi. Aliomba mahakama mzee naye aingizwe kwenye kesi kama mnunuzi, na hati zake zikapelekwa kwa mkewe. Mimi nilikuwa nimeshaamini hatakuja. Nilimwambia wakili, "Huyo humwoni tena. Atasema hanijui." Mkataba wetu wa daftari? Dada, mwenye kile kibanda cha chai alishahama, na karatasi yenyewe ililoweshwa na chai siku ile ile, sahihi ya mzee haisomeki. Mzee akisema hajawahi kununua gari kwangu, nani atampinga? Hata mimi, kama ningekuwa yeye, ningejaribiwa.

Jumanne iliyopita ilikuwa siku ya kusikilizwa. Nilifika Kajiado mapema, nikakaa kwenye benchi la korido. Na nani nikamwona akija, amevaa shuka lake na makubazi yake ya tairi, vumbi hadi magotini? Alikuwa amesafiri siku mbili kutoka malishoni, baada ya mkewe kumtumia habari kwa mchungaji mwenzake.

"Sopa, Pakiteng'," akasema, akanipa mkono.

"Epa," nikajibu. Nilimtazama nikitafuta hasira usoni mwake, au ujanja. Nikaona amezeeka tu.

Mama Wambui alitangulia kutoa ushahidi wake. Alinitambua, nikaona macho yake yakinitoka na kunirudia, kastama wake wa siku tatu. Sijui anafikiri nini juu yangu. Halafu akaitwa mzee. Wakili wangu akajiandaa kumbana, lakini hakukuwa na wa kubana. Mzee alisema mara moja, "Hii gari ni yangu. Nilinunua. Mimi ndio nilikuwa naendesha. Huyu mama niligonga mimi, pole yake."

Wakili wa Mama Wambui akainuka. "Kama ni yako, kwa nini mpaka leo ina jina la mtu mwingine?"

Dada, nilijua sasa atanitaja. Mzee alinitazama. Hakunitazama kwa ubaya. Kisha akamwambia yule wakili, "Hiyo ni makosa yangu. Sikufuatilia."

Uongo mtupu. Alifuatilia mara tatu. Alikunywa chai yangu, akaambiwa sipo nikiwa chumbani. Na alisimama pale mbele ya hakimu akaubeba mzigo wangu, mzee ambaye ukame umemwachia ng'ombe wachache wenye mbavu za kuhesabika.

Tulipotoka nilimfuata hadi nje ya geti. Nikamuuliza kwa nini amesema hivyo. Nakuambia ukweli, hata wakati huo nilikuwa namshuku, nilidhani atanitajia bei. Akashangaa. "Wewe niko na ng'ombe yako, uko na ng'ombe yangu," akasema. "Nitakutaja aje kwa kortini?" Ng'ombe wangu! Nilipompa ufunguo wa pikapu, kwake ilikuwa ni kama nimempa ng'ombe.

Kesi itaendelea Alhamisi, na ni zamu yangu. Wakili amefurahi. Ameandika taarifa yangu, na ndani yake imo sentensi moja: kwamba nilimwita mnunuzi mara kadhaa tuhamishe umiliki, naye hakuja. Nilimwambia hiyo si kweli. Akavua miwani. "Mzee mwenyewe amekubali kosa. Wewe jibu kile umeulizwa, usijiongezee mzigo. Ukisema ni wewe ulikataa, utalipa pamoja na yeye. Na uko na ploti."

Nina ploti. Tuna ploti, mimi na wewe na Wakesho, na watoto wanalala ndani yake. Nikiisoma sentensi ile, tunabaki nayo, na mzee anauza mifugo iliyobaki, na huenda hata hiyo isitoshe na Mama Wambui akabaki na vyuma vyake. Nikisema kweli, sijui tutapoteza kiasi gani. Wakesho anajua yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akakata uzi kwa meno, akasema, "Mimi nilishasema langu kule jikoni."

Nimeamua, Dada. Alhamisi nitasema ni mimi niliyekataa.

Barua hii nitampa jirani anayesafiri kesho kwenda Voi, nitaipaka gundi mara mbili, na itakufikia Jumanne. Nisalimie mjomba mwenye kinu, mwambie bado sijasahau kwamba alinifundisha kufungua injini. Msalimie mke wa marehemu kaka yetu na wale mapacha wake, na mzee wa kanisa aliyenibatiza, ingawa sitaki umsomee haya. Shangazi mpe salamu zake peke yake, akizichanganya na za wengine hununa.

Na sasa la mwisho, nalo ni gumu kuliko yote. Una haki katika ploti hii, na ilikuwa haki yako niulize kabla ya kuamua. Sikuuliza, na nakuomba msamaha. Tafadhali usinipigie kabla ya Alhamisi. Nimezima simu, na Wakesho nimemwomba azime yake. Mwaka mzima nimeshuku kila mtu niliyekutana naye, na kwa kila mmoja nilikosea. Sasa ninayemshuku ni mimi mwenyewe. Ninaijua sauti yako, Dada. Ukiniambia, "Mwakio, nyamaza," nitanyamaza. Kisha maisha yangu yote nitasema ni wewe uliyenituma.

Ndugu yako mdogo,
Mwakio