Doa Linaloshuka

Jumatatu, 7 Julai
Nimemeza kidonge baada ya ugali, kama kila siku tangu damu ilipoganda mguuni. Kazi yake kuifanya damu iwe nyepesi. Kikohozi bado. Leo nikipepeta mchele nimekohoa, kitu kikakatika tumboni. Mama mkwe kasema ni uvivu. Ana mdomo yule.

Jumatano, 9 Julai
Doa jeusi chini ya kitovu. Sijajikwaa, sijapigwa. Nikibonyeza, ndani kuna kitu kigumu kama kiazi. Sipendi.

Alhamisi, 10 Julai
Limeshuka. Limefika kinenani, limejigawa michirizi mitano. Kama vidole vya mkono. Nimesoma hadi kidato cha nne, lakini nimeogopa kutazama mara ya pili. Mama mkwe ameliona nikioga. Hakufoka, na hilo ndilo limenitisha. Amesema tu, "Mwanangu, umeshikwa."

Ijumaa, 11 Julai
Mtaalamu, mganga aliyeitwa na mama mkwe, kaja kutoka Magole baada ya swala, na wembe mpya. Chale mbili, apake dawa, aliyenishika aniachie. Sikukataa. Nilitaka aniachie.

Chale huchuruzika kidogo zikakauka. Hizi hazikukauka. Kanga ya kwanza, ya pili. Damu inatoka tu, taratibu, haina haraka na mtu. Mtaalamu akanawa mikono, akaaga. Mama mkwe akanong'ona kwamba damu imekataa kulala. Masikio yakaanza kuvuma. Nikamwambia, "Mama, ni kile kidonge." Akampigia mume wangu, yuko Mikumi anaziba matairi ya malori. Nilimsikia mume wangu akipiga kelele kwenye simu: "Hospitali! Sasa hivi!"

Jumatatu, 14 Julai
Wodini, Kilosa. Nimeongezewa damu. Daktari anasema kikohozi kilipasua mshipa ndani ya msuli wa tumbo. Hutokea mara chache kwa wanaotumia dawa hii. Damu iliyovuja ndiyo ilikuwa ikishuka chini ya ngozi. Hakuna mkono. Nimefurahi. Kisha akasema dawa imesimamishwa kwa muda tu, nitairudia, la sivyo damu itaganda tena iende mapafuni. Nimelia.

Jumapili, 3 Agosti
Nyumbani. Leo nimeanza tena, dozi ndogo. Doa limekuwa la njano, linakwisha. Mama mkwe ameleta maji mwenyewe, akasimama mpaka nimemeza. Hajaomba radhi, wala sikungoja. Ametandika mkeka chumbani kwangu. Anasikiliza nikikohoa.

Nami kikohozi nakibana.