Nyumba ya Bibi Ndani ya Disketi

Muscat, 2 Machi 1997

Mjomba Mashaka,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima na mguu umepona. Huku sie wazima, joto tu ndo limeanza kutuonjesha.

Ndani ya bahasha mna disketi, usiikunje. Ni lile gemu la kupiga mashetani nililokufundisha ofisini kwa Polikarpo, enzi nachapa barua za watu, ila hatua hii nimeijenga mwenyewe. Ni nyumba ya Bibi pale Temeke: korido, vyumba sita, uani. Chumba chake kina mlango mwekundu unaofunguka kwa ufunguo mwekundu. Ukiingia humo unatokea uani, hatua inaisha.

Tuko kikundi cha watu kumi na wawili, kila mtu na hatua yake. Mwezi wa tano tunazifunga pamoja na kuzituma kwa wachezaji mpaka Ulaya. Mwanamke ni mie peke yangu, na wapo wanaongoja niteleze. Sharti ni moja: mtu asiyeijenga aicheze mwanzo hadi mwisho, bila maneno ya siri ya kulidanganya gemu, bila kupita ukutani. Nimekuchagua wewe kwa sababu nyumba unaijua.

Mpwa wako,
Raudha

Temeke, 24 Machi 1997

Mpwa wangu Raudha,

Marahaba sana, mama. Mguu umepona, sasa unadai viatu vipya. Ofisi ni ileile ya kuchapa na fotokopi. Kiti chako kakikalia Herieth, binti mpole, anachapa kwa vidole viwili kama kuku anadonoa. Mie bado mlinzi. Nafungua saa kumi na mbili asubuhi, Polikarpo anaingia saa mbili. Hayo masaa mawili ufalme ni wangu.

Sasa sikiliza. Mie nimefika Bombay, nimefika Karachi, nimekula sahani moja na mabaharia wa Kigiriki. Mashetani ya kwenye kioo yatanitisha? Nimeyamaliza asubuhi moja. Yule mwenye pembe uliyemweka chooni nimemchapa mpaka nikamwonea huruma, ingawa choo kile hata zamani kilitisha. Korido umeipatia, mpaka ule ufa wa sakafuni. Hakuna kosa hata moja. Waambie wenzako imejaribiwa na baharia, waitoe.

Chumba nilichopanga Kiwalani kizuri. Ndege zinapita juu ya bati kila mara, ndizo zinazonisemesha.

Mjomba wako,
Mashaka

Muscat, 19 Juni 1997

Mjomba, shikamoo. Natumai u mzima.

Hatua zilitoka mwezi uliopita. Barua zimekuja kutoka kwa wachezaji nisiowajua: mlango mwekundu haufunguki. Nimeifungua kazi yangu nikaangalia. Ufunguo sikuuweka. Nilisahau, kosa ni langu. Lakini bila ufunguo ule hakuna anayeweza kumaliza, na wewe uliniandikia umemaliza.

Farhan, kiongozi wetu, aliisoma barua yako mbele ya wote, pale pa “imejaribiwa na baharia”. Walicheka mpaka mmoja akatoka nje. Nyumba ya Bibi imeondolewa. Wamenipa mpaka mwisho wa mwaka niilete imejaribiwa kweli, au nitoke kwenye kikundi.

Ulipita wapi, mjomba?

Raudha

Kiwalani, 7 Septemba 1997

Mpwa wangu,

Salamu nyingi. Afya ipo. Hii ni barua ya nne; tatu nimezichana, zote zilianzia Bombay. Nimeona safari hii umeandika jina tupu, hukuandika mpwa wako. Nimestahili.

Nilipita ukutani. Maneno ya siri nayajua tangu ulipokuwa unanifundisha, nilikuwa nayachungulia begani mwako.

Ukisema ni majivuno, yapo, hayakosekani. Lakini hebu nikwambie. Bibi yako alipofariki mie nilikuwa Tanga nahangaika na mitumba. Nilifika siku ya tatu, chumba chake kimeshapigwa kufuli, wakubwa wakasema kisiguswe mpaka arobaini. Niliporudi kwa arobaini, kufuli lilikuwa la mnunuzi. Leo pale ni ghala la sabuni. Mie mwanawe sikuingia mle. Sasa niko mbele ya kompyuta ya Polikarpo, natembea koridoni, naukuta mlango uleule umefungwa tena. Sikutafuta ufunguo, Raudha. Niliandika yale maneno, nikaingia.

Mle hukuweka shetani hata mmoja. Kitanda tu na dirisha. Nikakaa. Kesho yake nikarudi, nikakaa. Siku ya nne Polikarpo akanikuta, akauliza, “Baharia, mbona husogei?” Nikamwambia napanga mbinu.

Irekebishe uilete. Na ufunguo usiuweke popote tu. Bibi yako aliuwekaga chini ya mtungi wa maji, mwisho wa korido. Ulikuwa mdogo, hukuambiwa.

Mjomba wako,
Mashaka (Karachi sijafika)

Muscat, 12 Oktoba 1997

Mjomba, shikamoo. Mguu vipi, umepata viatu?

Nimeuweka chini ya mtungi. Mtungi wenyewe haukuwemo kwenye gemu, nimeuchora siku mbili. Cheza bila haraka. Ukishindwa, andika umeshindwa, mie sitaona haya.

Kila hatua inafungwa pamoja na faili la maelezo, linaitwa SOMA KWANZA. La hii liandike wewe, Herieth akuchapie, ulirudishe kwenye disketi.

Chumbani kwa Bibi sijagusa kitu.

Mpwa wako,
Raudha

SOMA KWANZA
Temeke, 23 Novemba 1997

Ndugu mchezaji,

Habari za huko uliko, na afya yako? Kama Kiswahili hujui, tafuta wa kukusomea. Mie Bombay walinisomea, na huko nilifika kweli.

Hii ni nyumba ya mama yangu, imejengwa na mpwa wangu Raudha. Mjaribu ni mie. Nimeicheza mwanzo hadi mwisho bila maneno ya siri, na sikupita ukutani. Imenichukua asubuhi kumi na saba. Nimekufa mara sitini na moja, nyingi chooni. Shahidi ni Herieth anayechapa haya huku ananicheka.

Ufunguo mwekundu upo. Nimeushika. Utafute mwenyewe, usituandikie.

Chumbani hamna adui, weka silaha chini. Unaruhusiwa kukaa. Mie nilikaa kidogo, nikaaga, nikatoka kwa mlango wa uani. Hatua ikaisha.

Mjomba wa aliyeijenga,
Mashaka