Kiraka cha Kiwikoni

Mke mwenzangu,

Kitendawili: ana shingo hana kichwa, ana mikono hana vidole. Ni nani? Ni sweta la marehemu babu yako, na leo wewe mjukuu wake unataka kumpa vyote viwili.

Nimekwenda kupimwa macho. Chai iko kwenye chupa. Usilikate sweta kabla hujalichemsha, sufu itafumuka yote. Likishanywea na kukauka, mikono ndiyo glovu, pindo la chini ndiyo kofia. Kile kiraka cha kiwikoni ~~katupe jalalani~~ kitie kwenye kofia yako, ila kwa ndani, nisikione.

Najua asubuhi nilikukimbia. Uliugeuza mkono wa sweta ukasema, “Bibi, kumbe ulikuwa fundi hivi! Kiraka hiki ulikifuma wewe?” Nikasema maziwa yanafurika, na jikoni hatukuwa na maziwa.

Mimi nilimfumia babu yako masweta matatu. Aliyakunja vizuri, akayaweka kabatini. Baridi ikiingia, anavuta lile lile kuukuu: “Hili limenizoea.” Limemzoea! Na mimi je?

Haya, nakujibu. Si mimi. Alikifuma mkewe wa kwanza, aliyefariki kabla sijaolewa. Sikumwona hata siku moja, lakini miaka arobaini nimeifua kazi ya mkono wake, na kila nikifua natafuta uzi uliolegea. Sijaupata.

Bibi yako