Mkwe Haingii Chumbani

Bwera, 4 Februari 2013

Kwako Maate,

Nakusalimu baada ya kimya kirefu. Natumaini joto la Kasese halijakumaliza, na kwamba baba yako kule Bugoye anaendelea vizuri na mguu wake. Mimi ni mzima. Magoti yanalalamika nikipanda ngazi za kanisa, lakini hayo ni ya umri.

Sijakuandikia tangu Elise alipoondoka kwako mwaka jana, na leo pia siandiki kwa ajili ya hayo. Naandika kwa sababu wewe ni fundi wa kompyuta na mwingine simjui.

Elise yuko Kisangani, ameajiriwa kazi ya uuguzi. Namba yake sikupi, amenikataza. Kila akinipigia anasema anakula, analala, hana shida. Sauti mtu anaweza kuitengeneza, uso hapana. Nikamwambia nataka kumwona. Basi akanunua laptopu kuukuu kwa shirika lililokuwa linafunga ofisi, akaituma na wafanyabiashara wa Butembo, ikavuka mpaka hapa Mpondwe katikati ya vitenge. Haina Windows. Ina kitu kinaitwa Ubuntu. Fundi wa simu hapa sokoni aliitazama akasema imelaaniwa.

Parokia jirani wana wifi, na katibu wao amenipa neno la siri kwa kuwa ninawapigia chapa matangazo ya Jumapili. Lakini ndani ya nyumba yangu mtandao huo unafika mahali pamoja tu, chumbani ninapolala, kwenye ukuta unaopakana na ofisi yao. Simu ya katibu tulipoijaribu hapo ilishika. Kompyuta yangu hapo hapo inasema hakuna mtandao wowote.

Najua mkwe haingii chumbani kwa mama mkwe. Na kwa simu sitaki, maana simu ni mdomo wa mkwe ndani ya sikio langu, na hiyo ni mbaya kuliko chumba. Kwa hiyo wewe andika, mimi nitafuata. Nilifundishwa kupiga chapa na masista wa Butembo, maandishi hayanishindi. Barua hii nampa Fred wa teksi.

Mama Elise


Kasese, 7 Februari 2013

Mama mkwe,

Nakuamkia kwa heshima. Mguu wa baba umepona, ameanza tena kugombana na mbuzi wa jirani. Joto lipo. Nafurahi kwamba u mzima, na pole kwa magoti.

Kompyuta haijalaaniwa. Ndani yake kuna kadi ya mtandao, lakini kompyuta haijui kuitumia mpaka iwekewe programu yake, tunaiita draiva. Kadi bila draiva ni kama mgeni asiyejua lugha ya wenye nyumba: amekaa sebuleni na hakuna wa kumsemesha. Ubuntu ni mfumo huria, unatolewa bure, na kadi nyingi huzitambua wenyewe. Chache, draiva zake huletwa kando. Kawaida kompyuta ingeenda kuichukua mtandaoni. Yako haifiki mtandaoni bila draiva, na draiva iko mtandaoni. Kwa hiyo nitaichukua mimi hapa Kasese na kuituma kwa flashi.

Kwanza nahitaji kujua mambo mawili. Bonyeza Ctrl, Alt na T pamoja. Litafunguka dirisha la rangi ya biringanya. Andika uname -r kisha Enter. Jibu lake linakili lilivyo. Halafu andika lspci, utafute mstari wenye neno Network, nao uunakili.

Mkweo,
Maate


Bwera, 12 Februari 2013

Kwako Maate,

Amani iwe kwako na kwa baba, na kwa mbuzi wa jirani pia. Hapa mvua imeanza mapema, mahindi yanacheka, mimi siumwi.

Dirisha la biringanya lilifunguka. Niliandika ulivyosema, likajibu kwamba halijui neno hilo. Nikaandika tena polepole, likakataa tena. Nilikasirika nikaenda kupika. Nikiwa jikoni nikakumbuka kwamba nilianza na herufi kubwa na kumaliza na nukta, kama masista walivyotaka kwa kila sentensi. Huenda mashine hii si Mkatoliki. Nikaondoa vyote viwili, ikajibu mara moja: 3.2.0-23-generic. Kwenye mstari wa Network kuna BCM4312.

Umeandika barua nzima bila kumtaja Elise. Sikulaumu, nataja tu.

Mama Elise


Kasese, 16 Februari 2013

Mama mkwe,

Salamu za heshima kutoka kwangu na baba. Nashukuru kwa kunakili vizuri. Afya yangu ni nzuri.

Flashi anayo Fred. Nimeipa jina KASESE. Ichomeke, fungua dirisha lile, andika cd /media/KASESE kisha Enter. Halafu andika sudo dpkg -i *.deb kisha Enter. Hiyo nyota iandikwe. Herufi kubwa zisiwepo isipokuwa za KASESE, na nukta isiwepo isipokuwa hiyo kabla ya deb. Itakuomba neno la siri la kompyuta. Itaandika mistari mingi, uiache imalize. Ikikataa, ninakilie mistari ya mwisho.

Kuhusu ulilolitaja, sijui niandike nini.

Mkweo,
Maate


Bwera, 26 Februari 2013

Kwako Maate,

Habari za siku nyingi. Mimi niko, nashukuru Mungu. Flashi ilichelewa kwa sababu teksi ya Fred iliharibika njiani, Muhokya, na flashi ikalala huko mfukoni mwake pamoja na samaki. Bado inanuka.

Niliandika ulivyoagiza. Ilipoomba neno la siri, nikapiga na hakuna kilichoonekana. Nikadhani kibodi imekufa, nikazima kila kitu nikasali. Kesho yake nikapiga tena bila kujali kama inaonekana, ikakubali. Ungeniambia kwamba neno la siri halionekani, ningeokoa rozari nzima.

Mistari ilipita mingi. Mwishoni ikasema haipati vichwa, sijui vichwa gani, vya 3.2.0-23-generic-pae. Mtandao bado hakuna.

Sasa jambo la pili. Sosthène, mdogo wa marehemu mume wangu, alikuwa hapa nilipokuwa nahangaika. Aliuliza kwa nini fundi hajitokezi, nikamweleza. Akasema: “Ule mutu wa Bugoye hana bibi tena hapa. Kama hana bibi, hana mama mkwe. Aingie tu mu chumba, atengeneze ile machine. Kisha Pasaka tunamurudishia mbuzi zake za mahari, mambo inaisha.”

Baba yake Elise angekuwepo angemjibu. Lakini kweli ni kwamba kazi hii kwa mkono wako ni ya saa moja, na kwa mkono wangu inakaribia kula mwezi mzima. Binti yangu sijamwona uso tangu mwaka jana. Chumba nimekifagia. Ukiingia, nitajua umekubali maneno ya Sosthène na ndoa imekwisha, na sitakulaumu. Usipoingia, niandikie.

Mama Elise


Bwera, 19 Machi 2013

Kwako Maate,

Nakusalimu ingawa hujanijibu. Leo ni sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, mwanamume mwingine ambaye hakuna alipoandikwa akisema neno. Yeye angalau aliamka akafanya alichoambiwa.

Nilimuuliza Fred kama barua yangu ilifika. Aliona haya kwanza, kisha akasema: “Mama, nilimuleta mwenyewe Jumamosi mpaka kwa geti ya parokia. Alikuwa na begi ya vyuma. Akakaa kwa duka ya Alisi, akakunywa soda, akaniuliza mimi narudi saa ngapi. Tukarudi naye.”

Nimekasirika, na naandika nikiwa na hasira ili uione. Ulikuja mpaka getini, hukuingia, hukuandika. Ndivyo ulivyomfanyia mwanangu. Siku aliyorudi kwangu aliniambia hivi: “Mama, niliolewa na mugongo.” Alisema unakaa umeinamia mashine za watu, naye anaongea na shati lako mpaka chakula kinapoa. Sikumwamini. Nilidhani ni maneno ya mtu aliyechoka. Sasa mgongo huo nimeuona na mimi, kwa kusimuliwa.

Pasaka ni Jumapili ya wiki ijayo. Sosthène ameshatafuta gari la mbuzi.

Mama Elise


Kasese, 22 Machi 2013

Mama mkwe,

Nakuamkia kwa heshima, na hasira yako nimeipokea. Baba anakusalimu. Mimi siumwi, ila silali vizuri.

Nilifika kweli. Fred hakusema uongo, isipokuwa soda zilikuwa mbili. Ukikaa kwa Alisi, dirisha la chumba chako linaonekana. Nilikuwa na kila kitu kwenye begi, na kosa nilikuwa nimeshalijua tangu nilipoisoma barua yako. Ni kazi ya kumaliza kabla soda ya pili haijapata moto. Urahisi huo ndio ulionirudisha. Nikikanyaga chumba chako nimesema kwa miguu yangu kwamba Elise si mke wangu, na hilo siwezi kulisema.

Nina hamu naye. Nampenda. Hayo alistahili kuyasikia yeye alipokuwa nyuma yangu anaongea, lakini nakuambia wewe mama yake, jambo ambalo nalo halina adabu. Nisamehe. Mtu asiye mkwe wako angeimaliza kazi Jumamosi ile. Mimi nitaimaliza kwa barua, hata zikijaza teksi ya Fred.

Sasa kazi. Mara ya kwanza uliniandikia jibu linaloishia generic. Ujumbe wa kosa unaishia generic-pae. Herufi tatu zilibaki Bwera, nami nikakutumia vitu vya mfumo mwingine. Flashi hii mpya ina vya kwako. Rudia mistari ile ile miwili. Neno la siri halitaonekana, usisali. Ikimaliza, andika sudo modprobe wl kisha Enter. Haitasema kitu. Ubuntu ikikubali jambo hunyamaza. Subiri kidogo, utazame juu kulia karibu na saa. Bonyeza alama ya mtandao hapo, chagua jina la parokia, uweke neno lao la siri.

Programu ya kuongea kwa picha nimeiweka humo humo. Ukimpata Elise, si lazima unitaje.

Kuhusu mbuzi, Sosthène anaweza kuwaleta. Nitawarudisha na gari hilo hilo.

Mkweo,
Maate


Bwera, 2 Aprili 2013

Mkwe wangu,

Pasaka njema kwako na kwa baba. Mimi ni mzima, magoti yamekubali hata Mkesha. Nakuandikia kwa furaha, kwa hiyo usitafute hasira humu, imekwisha.

Kwanza kuhusu pae. Sikuisahau, niliiacha makusudi. Masista walitufundisha kwamba vile vifupisho vidogo mwishoni mwa barua ni jina la aliyepiga chapa, na si sehemu ya barua. Nilidhani kuna mtu anaitwa P.A.E. aliyeichapa hiyo Ubuntu, nikamwacha nje. Mwombee msamaha.

Jumamosi Kuu nilirudia mistari miwili, kisha ule wa modprobe. Ilinyamaza kama ulivyosema. Nilikaa kitandani nikiitazama. Halafu karibu na saa vikatokea vile vipinde vya mtandao, na jina la parokia likaandikwa. Nilipiga kelele mpaka katibu wao akaja kuuliza nani amekufa.

Elise nimemwona. Amekonda, Maate. Kwa simu alikuwa anasema anakula. Nilimgombeza kwanza, tukalia, kisha akauliza ni fundi gani wa Bwera anayejua Ubuntu. Uliniambia si lazima nikutaje. Sikukutii. Nilimwambia ni mumewe.

Akaanza kujikuna shingoni, kama alivyofanya akiwa mdogo akitaka kulia. Kisha akauliza, “Aliingia mu chumba?”

Nikasema hapana. Nikamwambia ulifika mpaka getini na vyuma vyako ukarudi, na kwamba umenifundisha kazi yote kwa barua. Akataka nimsomee. Nilimsomea ile ya tarehe ishirini na mbili, yote, pamoja na mahali uliposema halina adabu. Akaniomba niirudie. Kisha akasema: “Mwambie baba mudogo aache mbuzi kwanza.”

Nilimwambia Sosthène siku ya Pasaka, mezani, mbele ya watu. Amenuna, lakini amekula vizuri, na gari amelifuta.

Sasa sikiliza. Elise anataka kuongea nawe, Jumapili hii, saa nane yetu, saa saba yao. Mtandao hautoki nje ya chumba changu, nawe huingii, na usiingie. Nimepima. Kompyuta nitaiweka juu ya ukingo wa dirisha la chumba, ikitazama uani. Wewe utasimama nje, uani, kama mkwe anavyosimama. Mimi nitakuwa jikoni nakatakata majani ya sombe, nimewapa mgongo. Siku hiyo mgongo natoa mimi. Wewe toa uso.

Uje na kofia, dirisha hilo saa nane linapigwa na jua.

Mkweo,
Consolée